Sentensi Moja ya Kifaransa

Daktari alimpa binti yangu penseli na karatasi nyeupe, akaniambia kwa Kifaransa, "Mwambie achore mtu." Nikamwambia. Hapo ndipo nilipomharibia.

Tulikuwa Mutsamudu, mwaka ule wa uhuru, Wafaransa wakifunga masanduku yao. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Miezi michache kabla, malaria ilimpanda kichwani, akalala siku nne bila kumjua mtu. Alipoamka alibaki na tabia ya kukatika. Yuko nawe anakula, mara mkono unasimama njiani, macho wazi, mwenyewe hayumo. Unahesabu pumzi nne, tano. Kisha anarudi, anamalizia tonge.

Mkuu wa shule kwetu Moroni alisema hamwandikishi bila karatasi ya daktari kwamba akili yake inaweza masomo. Aliyekuwa akipima akili na kumbukumbu za watoto ni huyo mmoja tu, huko Mutsamudu, kisiwa kingine, kwa wakwe zangu, na alikuwa na siku sita kabla ya kuondoka. Tukapanda boti.

Siku ya kupimwa nilivaa gauni. Shiromani, nguo yetu ya kujifunika kichwa hadi miguu, niliiacha kwa mama mkwe. Nilitaka daktari aone mwanamke aliyefika sekondari, si hao wanaomjia na hirizi shingoni. Nalisema wazi kwa sababu kosa lenyewe ndilo hilo.

Tulianza vizuri. Alipewa vipande vya mbao, akavipanga kama picha ilivyoonyesha kabla sijamaliza kutafsiri. Alisomewa tarakimu sita, akazirudia, halafu akazisema kinyumenyume bila kuombwa. Daktari akainua nyusi. Kisha ikaja hiyo ya kuchora mtu.

Akachora shiromani. Mikunjo yote, nakshi za ukingoni, chini miguu miwili yenye vidole. Juu, nguo ilizunguka uwazi mtupu.

"Muulize uso uko wapi."

Nilimuuliza. Hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Alijua kwamba najua. Kila alfajiri yuko chuoni kusoma Kurani, na fundi, mwalimu wao, amewafunza kwamba anayechora uso ataambiwa siku ya kiama autie roho, na hataweza. Hata mimi nilifunzwa hivyo, juu ya jamvi lile lile. Sentensi moja ya Kifaransa ingetosha, na nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona aibu.

"Hajui, daktari," nikasema.

Akaandika.

"Nyumba mnayokaa ni ya nani?"

"Yangu," binti yangu akasema.

"Si ya baba?"

"Baba huja kwetu."

Kisiwani kwetu Ngazidja hilo ni jibu sahihi kabisa. Nyumba ni ya binti mkubwa, na mume ndiye anayehamia. Nilitafsiri maneno, desturi nikaimeza. Daktari akaandika tena, safari hii kwa muda mrefu. Karatasi niliisoma botini: mtoto hatambui uso wa mtu, hajui nafasi yake katika familia, hafai kwa masomo ya kawaida.

Mama yangu alinisubiri mlangoni, mtaani kwetu Badjanani. Nikamsimulia.

"Miaka yote ile shuleni, msomi wangu, ukakosa neno moja?"

"Hukuwepo, mama."

"Ndiyo, sikuwepo. Ningekuwepo ningemwambia kwa mikono."

Mkuu wa shule akaitia karatasi kwenye faili, na binti yangu akakaa nyumbani miaka miwili. Alianza kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mashiromani yaliyosimama yenyewe, mengi, yote yamegeukia mlango. Nilikuwa nikiyafuta kwa maji. Asubuhi yalikuwa yamerudi, nami nikipika niliyahisi mgongoni.

Yakaja mapinduzi. Makarani wakafukuzwa, vijana wakashika ofisi, mafaili yakachomwa. Nilisimama karibu na moto mchana kweupe nikitafuta mwandiko wa daktari katika karatasi zilizokuwa zikijikunja. Sikuuona. Nikajiambia umo.

Kesho yake nilimpeleka shule. Kwenye meza ya mkuu alikaa msichana wa Ikoni, mmoja wa vijana hao, amevaa suruali, hajafika miaka ishirini.

"Mbona mkubwa hivi, dada? Ana shida gani?"

Nilichotakiwa kusema ni "hana." Karatasi ilikwisha kuwa majivu. Badala yake nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisoma, neno kwa neno, kwa Kifaransa, kama somo la kukariri: hatambui uso wa mtu, hajui nafasi yake...

"Nani kasema?"

"Daktari. Mtoto alimwambia kwamba nyumba ni yake."

Msichana akamgeukia mtoto. "Kwani ni ya nani?"

"Yangu."

"Na ya kwetu ni yangu, na paa linavuja. Ingia, benchi la tatu."

"Lakini nyuso sichori," binti yangu akamwambia.

"Utachorea wapi, mwanangu? Karatasi zote tumechoma."

Walicheka wawili hao. Mimi sikuweza. Mchana, tulipokuwa tunarudi katika vichochoro vya Badjanani, akauliza, "Mama, kwa nini ulimwambia yule mzungu kwamba sijui?" Nikamwambia apige hatua, jua kali.

Sasa anasoma kuliko watoto wote wa mtaa. Vijana wameondolewa, yule mkuu amerudi mezani kwake, na karatasi hana. Ninayo mimi. Kila binti yangu anaponyamaza kidogo, kila kijiko kinapochelewa kufika mdomoni, naisikia ikijisoma, na sauti ni yangu.

Juzi tulikuwa tunakula. Mkono wake ulisimama. Moja, nikahesabu. Mbili. Tatu.

"Nimo, mama," akasema, macho kwenye sahani. "Nilikuwa nafikiri tu. Acha kunihesabu."