Kashata za Shilingi Hamsini

Mama yangu aliuza kashata za ufuta kwenye geti la shule ya msingi, Mikumi. Kashata moja shilingi hamsini. Ufuta tulinunua kwa wakulima wa Tindiga, sukari kwenye duka la jirani.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, watu walianza kuikataa sarafu ya hamsini. Hakuna aliyetangaza. Bodaboda walikataa, muuza mkaa akakataa, na mwisho mwenye duka naye akausukuma mfuko wetu wa sarafu pembeni ya mizani.

"Mama, hizi siku hizi hazitembei. Niletee noti."

Kesho yake tulipanda basi kwenda benki, Kilosa, mimi nimepakata mfuko wa sarafu. Kwenye foleni niliona aibu. Kila nikisogea zinalia, watu wanageuka. Dada wa dirishani alimwamkia mama, akazipokea zote, akatupatia noti.

"Mwanangu," mama akamwuliza, "hizi ni hela au si hela?"

"Ni hela halali kabisa, mama. Anayezikataa anakosea."

"Basi niandikie hivyo kwenye karatasi."

Dada akacheka, akasema hana ruhusa hiyo.

Nauli ilikula karibu faida yote ya wiki. Siku mbili baadaye mama alikwenda nami dukani na mfuko mpya wa sarafu za mauzo, akaeleza alichoambiwa benki.

"Benki haiuzi sukari," mwenye duka akajibu. "Nikizipokea, mimi nitampa nani?"

Mama akamwonyesha kopo la pipi ambazo mwenye duka alikuwa akiwapa watu badala ya chenji. "Wape wateja wako. Umewalisha pipi mwezi mzima."

Mzee mmoja nyuma yetu akafungua kiganja, pipi mbili ndani. "Kweli kabisa. Na mimi meno sina."

Duka zima likacheka. Mwenye duka akauvuta mfuko mpya wa mama, akaanza kuhesabu.

Tulikwenda hivyo kama mwaka. Kisha ufuta ukapanda bei, mama akaweka kashata shilingi mia. Siku ya kwanza, binti wa darasa la pili alisimama na hamsini yake, akasikia bei, akaondoka. Mama hakulala vizuri. Asubuhi alikata kila kashata alama ya kisu katikati, ili watoto wawili wachangie. Waligombania nusu kubwa kila siku, lakini walinunua.

Sasa nina genge langu la mboga na matunda Kilosa. Wateja wengi wanasema sarafu ile iondolewe tu, ni mzigo mfukoni. Mimi ningeiacha. Sijawahi kuona kitu cha mia na hamsini kikishuka kuwa mia kwa sababu chenji imekosekana. Huwa kinapanda kuwa mia mbili. Ndizi zangu zilikuwa mia na hamsini. Nilizipandisha mwenyewe zikawa mia mbili, na siku ile sikumwambia mama.