Askofu Niliyekataa Kumbadilisha

Soko letu la barabarani lilipovunjwa tukahamishiwa ndani, Buhongwa, mimi na jirani yangu fundi redio tulibakiziwa vizimba viwili vya mwisho. Kimoja kinatazama geti: mtu akishuka kwenye gari la Misungwi, macho yake yanaanzia hapo. Kingine kiko nyuma kabisa, ubavuni mwa choo. Mwenyekiti wa soko akasema tuokote vikaratasi. Nilikataa. Mimi nauza viatu vya mtumba, na bahati haipunguzi bei hata uisihi vipi. Nikapendekeza tucheze chesi, mshindi achukue geti.

"Utakuja kulia, jirani," fundi akasema.

"Nitalilia getini."

Tulikuwa tumecheza miaka mingi juu ya kreti la soda, na nilimjua. Fundi hashambulii. Anamsogeza askari mmoja hatua moja, anamtia askofu wake kwenye upenyo aliouacha askari huyo pembeni, anamficha mfalme nyuma yake, kisha anasubiri, kama mtu aliyefunga duka na yeye yumo ndani. Nilipiga hesabu: kwa mtu asiyeshambulia, mabaya kabisa ni sare, na sare tunarudia. Nikapiga tena, jibu likawa lilelile. Halafu nikajadiliana mpaka nikapewa kete nyeupe, nianze mimi. Nilijiona nimeshashusha bei kabla sijaushika mzigo.

Tulichezea kwenye benchi la mama wa chai, asubuhi, mwenyekiti akiwa shahidi. Fundi akajenga ngome yake ileile. Nami nikamficha mfalme wangu upande wa pili wa ubao, ili upande wa mfalme wake niutumie kwa vita tu.

Dawa ya ngome ile ninaijua. Fundi mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Unamweka malkia nyuma ya askofu wako kwenye mshazari mmoja, unampeleka askofu mpaka usoni pa yule wa kwake, wanakulana. Mfalme akishakosa mlinzi, unasukuma askari wa pembeni, njia ya mnara inafunguka, unaingia.

Malkia nilimpanga. Askari wa pembeni nikamsukuma, akala na akaliwa, njia ikafunguka, mnara wangu ukawa unamchungulia mfalme wake. Kilichobaki ni ile hatua ya katikati, ya kubadilishana maaskofu. Nikanyoosha mkono kwa askofu wangu, nikausimamisha hewani. Kwetu kete ukiigusa umeicheza.

Askofu ana thamani ya pointi tatu. Wa kwake naye tatu. Nikahesabu tena: tatu kwa tatu. Sasa faida iko wapi? Sijawahi kutoa kiatu nikapokea kiatu, labda mteja awe kichaa au mimi.

"Unacheza au unapanga bei?" mama wa chai akauliza. "Chai imepoa hiyo."

"Mwache ahesabu, mama," fundi akasema. "Hesabu ndiyo mtaji wake."

Nikaurudisha mkono. Nikamzungusha malkia badala yake, nikamleta kwenye njia ile ya mnara, na zamu iliyofuata nikampiga cheki mlangoni kabisa pa mfalme. Mwenyekiti akasogeza kiti. Fundi akamvuta mfalme hatua moja pembeni, taratibu, kama anayempisha mgeni.

Nikatafuta cheki ya pili. Ilikuwepo, pale kwenye kona. Ila kona ile ilikuwa ya askofu wake. Nikiingia, malkia analiwa. Nikatazama njia nyingine, zote zilirudi kwa yuleyule, amesimama kwenye upenyo wake tangu asubuhi, hajafanya kazi yoyote zaidi ya kuwepo.

Nilipokuwa bado nazunguka pale, fundi akamwondoa farasi wake katikati. Mshazari ukafunguka kutoka kona ya mfalme wake mpaka mlangoni pa mfalme wangu. Malkia wake alikwisha kujipanga kuuelekea mlango huohuo tangu mapema, na mimi nilimwona, nikamhesabu kuwa mtazamaji. Zamu yangu nikaziba tundu moja kando ya mfalme wangu. Malkia wake akaingia kwa jingine, askofu akimlinda kutoka mbali. Mfalme wangu hakuwa na pa kwenda.

"Imekwisha hiyo?" mwenyekiti akauliza.

"Imekwisha," nikasema.

Fundi akazirudisha kete nyuma mpaka pale nilipousimamisha mkono. "Hapa ulikuwa umenimaliza, jirani. Kwa nini hukubadilisha?"

"Ningepata nini?"

"Usingepata kitu. Na mimi nisingebaki na kitu."

Mama wa chai akaja kuchukua vikombe. Mwenyekiti akaandika jina la fundi kwenye kizimba cha geti.

Huku nyuma, kando ya choo, watu wanapita wengi kuliko getini, nimehesabu. Wakija wana haraka, mkono uko kwenye mkanda. Wakitoka wanatazama pa kunawa. Viatu hawavioni. Nilivigeuza vitazame upande wa pili, nikavigeuza tena.

Mchana kukiwa kumetulia fundi huniletea ubao. Jana nilimbadilisha askofu mapema, bila kuhesabu, tatu kwa tatu. Ngome ikabaki tupu, mnara ukaingia, malkia akafuata. Nikashinda.

"Safi," fundi akasema. Akasikia anaitwa getini, akaondoka mbio, akaniachia nipange kete.