Feni Iliyobaki na Mapanga Manne

Harufu ya rejeta iliyochemka ukiinusa mara moja huwezi kuisahau. Ina utamu fulani wa kuudhi, kama sukari iliyomwagikia chuma cha moto. Juzi lori lilisimama karibu na kibanda ninachosukia watu nywele hapa Malaba, likatoa mvuke fyuuu, na mimi nikaachia msuko katikati. "Dada, umelala?" mteja akaniuliza. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimerudi utotoni, mkono wangu umo ndani ya injini ya baba.

Baba alikuwa dereva wa lori la chumvi, la kwenda Uganda. Watu wengine waliilaani foleni ya malori, ile iliyoanzia mpakani ikajinyoosha barabarani kama nyoka aliyeshiba. Sisi tuliipenda, jamani. Foleni ikikwama, baba analala nyumbani. Kabla ya kulala nilikuwa naomba, "Mungu, wabariki watu wa mpakani, wasiharakishe."

Baba akiwepo, tulikula mezani, kiti chake kikitazamana na cha mama. Akisafiri, mama naye hakukalia kiti chake. Alituachia meza sisi watoto, akabeba sahani yake mpaka jikoni, akaketi kwenye kistuli karibu na jiko. Nikimwuliza mbona hakai nasi, alijibu, "Huku kuna joto." Malaba na jua lake lote, na bado nikaamini.

Sasa, kulikuwa na wiki moja foleni iligoma kabisa. Na Jumapili ya wiki hiyo nilikuwa nisome Biblia mbele ya kanisa zima, mara yangu ya kwanza. Baba akaahidi atakaa kiti cha mbele. Nilifanya mazoezi mpaka kuku wa jirani wakaijua ile aya.

Jumamosi asubuhi foleni ikaanza kusogea.

Baba alipowasha lori, lililokuwa kwenye foleni karibu na nyumba yetu, tukasikia kishindo, halafu injini yote ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Akazima, akafungua, akachungulia. Feni ya kupoza injini ilikuwa na mapanga sita; moja lilikuwa limekatika kwenye shina. Kuendesha hivyo ni kuua pampu ya maji. Na kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi: mafundi wote wa magari walikuwa wamekwenda kuzika kijiji cha Kocholia, masanduku ya vifaa yamefungwa kwa kufuli. Baba alikuwa na spana moja tu, namba kumi na mbili. Na lori likishindwa kusonga, wenzako wanakupita, unaanza upya kule nyuma.

Nitawaambia ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Kiti cha mbele kimepona!

Lakini baba si mtu wa kukaa bure. Alingoja injini ipoe, akatoa waya wa betri, akamwita mama. Mama akaja na vyombo vyake vyote vya jikoni, ni kama anahamia. Boksi la sabuni likapasuliwa, likaingizwa kati ya feni na rejeta ili rejeta isikwaruzwe. Shida ilikuwa kwamba ukizungusha nati, feni nayo inazunguka. Basi mama akavua leso aliyojifunga kiunoni, akaisokota kama kamba, baba akaifunga kwenye mashina ya mapanga, mama akavuta.

Dereva mmoja Mganda aliyekuwa nyuma yetu akatoa kichwa dirishani. "Ssebo, bwana wangu! Hiyo feni unaitengeneza ama unaisuka nywele?"

"Hawa ni mainjinia wangu," baba akamjibu. "Wewe chunga foleni yako."

Mkono wa baba haukupita kati ya feni na rejeta. Alijaribu mpaka ngozi ikachubuka. Kisha akanitazama.

"Amoit, leta huo mkono wa kusoma Biblia."

Nikauingiza. Kazi yangu ilikuwa kushika spana ikae sawasawa kwenye nati, na baba akagonga mkia wake kwa mchi wa mama wa kutwangia karanga. Akagonga. Wapi! Akagonga tena.

"Imekataa, Baba," nikasema, na sauti yangu haikuwa na huzuni hata kidogo.

Mama akanitazama. Alikuwa ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, leso imemkata viganja, jasho linamtiririka. "Itakubali," akasema taratibu. "Shika vizuri, mama. Mimi sijaachilia."

Ka! Nati ikalegea. Zilizobaki zikafuata, nikazimalizia kwa vidole, na feni ikatoka juu kama jino bovu.

Nilifikiri baba atatafuta panga jipya. Badala yake aliazima msumeno wa chuma kwa fundi wa madirisha, akaanza kulikata panga zima, lile lililotazamana na pengo.

"Baba, unaharibu!"

"Hapana. Likikosekana moja, lazima na mwenzake wa ng'ambo atoke. La sivyo itatikisika mpaka ivunje kila kitu. Hivi itapoza kidogo tu, lakini itazunguka."

Ikazunguka. Mchana baba akavuka, akipiga honi mpaka ng'ambo. Jumapili nilisoma aya yangu nikiwa na kucha nyeusi kwa grisi, na kwenye kiti cha mbele mama aliweka leso yake, ile ile, ina madoa ambayo hayakutoka tena.

Kwa miaka mingi nilijiuliza mama alivutaje kwa nguvu zile, na yeye ndiye aliyemtaka baba abaki kuliko mtu yeyote.

Siku hizi foleni ni fupi, na baba ameacha lori, yuko nyumbani siku zote. Mama ndiye hayupo. Tulimzika Jumamosi moja, mafundi wote walikuja. Jioni ya siku ile ya lori la mvuke nilipika, nikapanga meza. Baba alikitazama kiti kinachotazamana na chake. Akachukua sahani yake, akaenda polepole jikoni, akaketi kwenye kistuli.

"Baba, mbona hukai mezani?"

"Huku kuna joto," akasema.

Jiko lilikuwa limezimika zamani. Nikabeba sahani yangu, nikamfuata.