Sindano ya Meneja

Daktari wa mifugo huyu alikwisha kupigwa mateke na punda na kukwaruzwa na paka wasio na idadi, lakini hakuna aliyemtia hofu kama mama mkwe wake. Mbwa wa mama huyo, Meneja, ndiye aliyeshika nafasi ya pili: alikuwa amemng'ata mara tisa, mojawapo siku ya harusi. Asubuhi hiyo Meneja aliletwa zahanatini amefungwa kwa shuka, figo zimekwisha, hali wala hanywi.

"Najua umeisubiri siku hii," mama mkwe alisema. "Nieleze kila hatua. Nikiona ameteseka, usinijue tena."

Daktari akavaa glavu. Akanyoa mguu wa mbwa, akapata mshipa, akaonyesha bomba la sindano lenye dawa ya rangi ya waridi.

"Hii ni babitureti, mama. Ubongo una breki zake, na dawa hii inazikanyaga. Nikimpa kidogo, analala tu, tunamfanyia upasuaji, anaamka. Nikimpa nyingi hivi, analala kwanza, kisha pumzi inakatika, halafu moyo. Usingizi unatangulia, kwa hiyo maumivu hayamkuti."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Mama akakishika kichwa cha Meneja. Dawa ikaingia, na bomba halijaisha mbwa alishalegea. Daktari akamsikiliza moyo, akasema amekwenda.

Kuna jambo ambalo huwaonya wenye wanyama wote kabla ya sindano. Siku hiyo, kwa kiwewe, alilisahau. Meneja akavuta pumzi moja ndefu, mdomo wazi.

"Ameghairi," mama alisema, akasimama.

Daktari, kwa mazoea, alikuwa ameshaficha mkono nyuma ya mgongo.

"Hayupo tena, mama. Ni misuli tu inajivuta yenyewe. Nilipaswa kukwambia mapema, nikasahau kwa vile nakuogopa."

"Msikilize tena."

Akainama, akasikiliza dakika tano nzima kwa saa ya ukutani. Kimya. Alipotaka kusema hivyo, machozi yakamtoka juu ya manyoya ya adui yake. Kumbe alimpenda yule mbwa, na mwenyewe hakuwa na habari.

Mama mkwe akamsogezea kiti.

"Hakuteseka, nimeona mwenyewe," alisema. "Kaa chini, mwanangu. Nitamfunika mimi."