Mapipa ya molasi yaliyotufikisha tribinali

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Goma. Nitasimulia kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Kwanza nilisikia. Pwaa! Kisha kitu kizito kikichuruzika ndani ya depo, ghala letu la mtaa wa Mabanga.

Nilipofungua mlango, kifuniko cha pipa kilikuwa kimeruka hadi darini na povu la kahawia linatambaa sakafuni. Harufu kama pombe.

Mama yangu anauza molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa kwenye miwa. Wafugaji wa Munigi huwachanganyia ng'ombe kwenye majani. Msafirishaji wetu ni Papa Kambale, mtu wa Butembo, kampuni yake ni lori moja. Huondoka na mapipa yetu matupu, hurudi nayo yamejaa.

Safari ile mzigo mzima ulikuwa umechacha. Na molasi nzito haichachi hivihivi. Huchacha ikiingiwa na maji.

"Amechota njiani, akajazia maji!" Mama akasema. Kampuni yetu ikaishtaki yake. Tribinali, yaani mahakama, ikalizuia lori lake hadi kesi iishe.

Wakuu, lile lori liliegeshwa uani pa tribinali. Kila asubuhi muzee alikuja kulipangusa vumbi, kama mtu anayemwosha uso mgonjwa.

Siku ya kusikilizwa, jaji akamuuliza, "Papa, ulifungua mapipa?"

"Hapana, mheshimiwa. Lakiri ya kiwanda, Mama mwenyewe ndiye aliyeikata, kwake."

"Sasa maji yalipita kwenye chuma?"

Watu wakacheka. Papa Kambale hakucheka. "Mimi nilipewa mapipa matupu yamefungwa, nikayapeleka kiwandani yamefungwa."

Hapo nikakumbuka.

Huku kwetu pipa likiisha molasi, tunaacha maji kidogo chini, sisimizi wasiingie. Siku ya kupakia tunayamwaga. Ni kazi yangu. Siku ile mvua ilinikuta, nikakaza vifuniko haraka na kukimbilia ndani, kwenye riwaya yangu niliyokuwa naandika. Kiwandani hujaza kwa bomba la mpira kupitia tundu dogo. Nani angeona chini?

Nikinyamaza, muzee anapoteza lori. Nikisema, hasara yote ni ya Mama.

Nikasimama. Mama akanivuta sketi. "Mutoto wangu, kaa chini."

"Mama, maji ni mimi. Sikuyamwaga, nilikimbilia riwaya yangu."

Mama akasimama yeye pia, akamwambia jaji, "Tunaondoa mashtaka."

Nje, Mama alimwomba muzee msamaha mbele ya watu wote. Papa Kambale akajibu, "Nitakusamehe lori likiwaka." Likawaka!

Molasi ile tuliipoteza, na Mama alininunia wiki nzima. Lakini jana muzee alikuja kuchukua mapipa. Alipindua moja moja, akagonga kitako.

"Leo hakuna ziwa humu, mwandishi?"

"Hakuna, papa."

"Basi andika hiyo kwenye kitabu chako."

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu kesi.

Nilichojifunza: kabla ya kumshika mwenzako shati, kagua kwanza mikono ya nyumbani kwako. Wenye biashara za usafirishaji, nanyi makosa yenu mliyagunduaje? Niambieni hapa chini, hata mkinicheka.

Jana hiyo Papa Kambale alikataa chai, barabara inamngoja. Akaaga, akatoka, mwenyewe akavuta mlango wa depo nyuma yake, polepole, mpaka ukajifunga.