Mpishi Tuliyekwenda Naye Mbugani Hakurudi Nasi

Admin, jina langu liweke kapuni, maana mume wangu yu hai na watoto wetu wanakufuata hapa. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mitatu, mkazi wa Kamwokya, Kampala. Mjukuu wangu ndiye anayenichapia, na ameniapia kwamba hatasema kitu.

Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, nami nilikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu. Niliolewa na Mkenya, dereva aliyekuwa akiwatembeza watalii mbugani. Nitamwita Baba Nekesa. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi, watu wakichukuliwa mchana kweupe na kutiwa kwenye buti la gari. Watalii walikuwa wa kuhesabika. Hata hivyo wakaja mzee mmoja Mzungu na mkewe, waliokuwa wametoka kuzunguka hifadhi za chui milia huko India, wakibebwa juu ya tembo. Sasa walitaka kuwaona simba wa Ishasha wanaopanda miti. Baba Nekesa akaniambia, "Twende wote, mama. Tangu tuoane sijakupeleka popote." Nilifurahi kama mtoto.

Asubuhi ya safari nikakuta ndani ya gari mtu nisiyemjua. Baba Nekesa akasema ni mpishi mpya. Mpishi gani, ndugu zangu! Tulipopumzika njiani alipika posho, yaani ugali, ikaungua chini na juu ikawa mbichi. Vidole vyake laini, na kwenye pua alikuwa na alama mbili za mtu aliyezoea miwani. Akawa hasemi, anasikiliza tu. Yule Mzungu alikuwa akisimulia kuhusu chui milia, kwamba wewe huwezi kumwona, ila yeye amekuona zamani. Mimi nikamtazama mpishi, nikajisemea, huyu ni mtu wa usalama, ametumwa kutusikiliza. Nikambana mume wangu pembeni. Akanijibu, "Angalia wanyama, mama. Watu niachie mimi."

Baada ya Mbarara tukakuta kizuizi cha wanajeshi. Askari mmoja akachungulia ndani, akamshika mpishi mkono na kuugeuza. "Wewe nafanya kazi gani?"

"Mpishi, afande."

"Mkono ya mpishi iko namna hii?"

Nikamsikia yule mtu akianza kusali chini chini. Mtu wa usalama hamwogopi mwanajeshi namna ile. Hapo nikajua nilikuwa nimekosea, huyu alikuwa anakimbia. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Lafudhi ya yule askari ilikuwa ya kwetu kaskazini, nikamwamkia kwa lugha yetu, nikamwambia huyu ni mtoto wa mjomba wangu, alikuwa mgonjwa muda mrefu, ndiyo kwanza ameanza kazi. Askari akacheka, akaniuliza habari za nyumbani, akatuachia. Mpishi alilia kimya kimya mpaka tukaingia mbugani.

Simba tuliwaona, wawili, wamelala juu ya mti miguu ikining'inia, na yule mama Mzungu akapiga makofi kwa furaha. Kesho yake asubuhi Baba Nekesa akasema anakwenda na mpishi na askari wa wanyamapori kutafuta walikolala nyati, upande wa mto. Ng'ambo ya mto ule ni Zaire. Tukabaki kambini tunakunywa chai. Nikasikia mlio wa bunduki, mmoja tu. Ndege wakaruka.

Baba Nekesa alirudi na yule askari. Mpishi hakuwepo. Mkononi mwa mume wangu kulikuwa na saa ambayo jana yake niliiona kwa mpishi.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda zake."

"Na bunduki?"

"Nyati alitujia, tukamtisha."

"Na saa?"

"Amenipa. Ni shukrani."

Wazungu waliambiwa mpishi ameugua, amerudishwa. Nilitaka kuamini kwamba alivuka mto akaingia Zaire, na miaka mingi niliamini. Lakini tuliporudi Kampala, vizuizi vikawa vinamfungukia mume wangu bila swali. Kuna mwanaume wa miwani myeusi alikuwa akija kwetu kunywa chai, wanazungumza uani, nami nikikaribia wananyamaza. Nikiuliza naambiwa ni rafiki wa kazini. Rafiki gani hajui hata jina la mtoto wetu?

Sasa mwaka huu, katika kikundi chetu cha maombi, amejiunga mama mmoja wa rika langu. Anamwombea kaka yake, mwalimu aliyekuwa akifundisha shule ya Old Kampala. Anasema alikuwa akitafutwa na watu wa usalama, na asubuhi moja aliwaaga kwamba rafiki yake dereva amempatia kazi ya kuwapikia watalii mbugani. "Hata yai alikuwa hajui kukaanga," alituambia akicheka, kisha akalia. Tangu siku hiyo hawajapata habari yoyote. Kama alivuka, mbona hakuleta neno hata utawala ule ulipoanguka?

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Baba Nekesa, "Nimempata dada yake yule mpishi." Siku hizi hatoki kitandani, lakini akili zake ni timamu. Aligeukia ukutani.

"Nilimfikisha," akasema.

"Ulimfikisha wapi?"

"Nilimfikisha."

Hajasema zaidi mpaka leo.

Nikimweleza yule mama, huenda nikampa tumaini, au huenda nikamtajia aliyemuuza kaka yake, na aliyemuuza ni baba wa watoto wangu. Na mimi ndiye niliyempitisha pale kizuizini, sijui nilimwokoa au nilimsindikiza. Kila Jumapili ananishika mkono tukiomba, na linapotajwa jina la kaka yake, mimi ndiye ninayesema Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi, mngesema au mngenyamaza?