Wekundu Huu Utatoka kwa Jasho

Saa saba mchana, jua la Krian, mji mdogo kisiwani Java, Indonesia, limekaa juu ya turubai la harusi kama mgeni asiyejua kuaga. Wapishi wanafunika masufuria, mafundi wanavuta nyaya, na Bu Kasiati, yaani Mama Kasiati kwa lugha ya huko, anapanda jukwaani kwa ngazi ya mianzi, gitaa lake la umeme likiwa mgongoni, limefungwa kwa mbeleko ya batiki kama mtoto aliyelala.

Anafika juu, analizungushia kifuani. Wageni wa mstari wa mbele wanaacha kutafuna karanga.

Uso wa gitaa ni mwekundu, wekundu wa kung'aa kama pipi iliyolambwa. Lakini ubavuni na mgongoni ni la njano, njano ya siagi iliyosahauliwa juani. Na katikati ya ule wekundu, chini ya nyuzi, imeganda alama ya kiganja na vidole vyake vitano, dhahiri kama mguu wa bata kwenye matope.

"Nani kalizaba kofi gitaa lako, Bu?" anauliza mzee mmoja mwenye kofia nyeusi.

"Mimi," anajibu bila kuinua uso, akikaza uzi. "Lilitaka kwenda na watu wengine."

Kasiati ana miaka hamsini na sita na ni mpiga gitaa wa Sinar Kenari, bendi ya dangdut, muziki wa kucheza wa Indonesia, inayozunguka vijiji vya wilaya ya Sidoarjo. Katika bendi nyingi za huku mwanamke huimba na kuzungusha kiuno. Yeye haimbi. Kiuno chake, anasema, kilistaafu mapema kwa hiari.

Kwa kila harusi hupata rupia laki mbili na nusu. Ukitoa nauli na nyuzi mpya, kinachobaki kinanunua mchele, mafuta na muda wa maongezi. Mwezi wa Ramadhani hakuna muziki, hivyo hukaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na kuuza mlangoni kwake.

Gitaa alilinunua na mumewe, Tukiran, mpiga besi wa bendi hiyohiyo, walipokuwa bado hawana hata kitanda. Wakati huo lilikuwa jeupe kama ubwabwa. Waliuza pikipiki wakalileta nyumbani kwa miguu, kila mmoja akililinda upande wake kama askari na mfungwa.

Weupe haukudumu. Dangdut huchezwa mbele ya wanaume wanaovuta sigara za karafuu, na moshi uliompanda Kasiati pale jukwaani kwa miaka yote ile ungetosha kukausha samaki wa soko zima. Vanishi ikaanza kuwa ya maziwa, ikawa ya ndizi, ikaishia kuwa njano ya manjano yenyewe.

Pale mkono wa kulia unapoegemea, rangi ilisuguliwa hadi mti ukaonekana. Kichwani, karibu na funguo za nyuzi, pana doa jeusi la kuungua. Hilo ni la Tukiran, aliyekuwa akichomeka sigara yake chini ya uzi wakati wa kulilinganisha, kisha akaanza hadithi na kusahau. Alifariki miaka tisa iliyopita. "Katika vyote alivyosahau, sigara hiyo ndiyo pekee ambayo sikumgombeza mara mbili," anasema mkewe.

Lakini alama inayozungumziwa kuliko zote iko mgongoni. Siku moja huko Mojosari mkanda wa ngozi ulikatika bendi ikiwa tayari imetangazwa. Kasiati alimfungua binti yake mchanga kwenye mbeleko, akamkabidhi kwa muuza chai, akalifunga gitaa. Tangu hapo hakuvaa mkanda tena. Joto na jasho vililainisha vanishi, na nakshi ya batiki, majani na mikia ya ndege, ikajichapa humo. Ukilishika vizuri kwenye mwanga unaiona, kahawia kwenye njano.

Krian kuna hadithi tatu kuhusu gitaa hilo na zote zinashindana kwa uongo. Moja inadai lilianguka kutoka kwenye lori karibu na Porong, likaviringika mtaroni, likachukuliwa na maji, na lilipookotwa chini ya daraja lilikuwa bado limelingana nyuzi zote isipokuwa moja. Ukimuuliza mwenyewe, hakubali wala hakatai. "Uzi gani?" anauliza tu.

Msukosuko ulianza Pak Darmaji, yaani Bwana Darmaji, alipoirithi bendi kutoka kwa baba mkwe wake mwaka jana. Si mtu mbaya. Anawahi, analipa, na hajawahi kumwacha mtu njiani. Ila ana imani moja: bendi ya harusi hukodiwa kwa macho.

"Watu wanatazama video kwenye simu bila hata kufungua sauti," anasema. "Nina watu kumi na mmoja wanaokula kwa bendi hii. Tukionekana chakavu, anapigiwa simu mwingine. Bu Kasiati anajua muziki. Mimi najua simu."

Huku, mwenye harusi hugawa kitambaa cha sare. Wajomba, mashangazi, wapishi, mpaka mlinda pikipiki, wote hushona nguo ya rangi moja. Bendi nayo hushona. Pak Darmaji akaamua vyombo vivae pia.

Mazungumzo yake na Kasiati siku alipolitangaza hilo, mbele ya wanabendi wote, yamekwisha kuwa mchezo wa kuigiza mtaani. Kila anayesimulia hukohoa kama Pak Darmaji.

"Bu, gitaa hilo linaonekana kama lina ugonjwa wa ini."

"Lina ugonjwa wa muziki, Pak."

"Harusi ya Jumamosi ni nyekundu. Wote wekundu, na wewe katikati na kitu cha njano."

"Gitaa si shangazi wa bibi harusi."

"Ni rangi tu, Bu."

"Na wiki inayofuata Mojosari wametuma kijani. Utalipaka kijani? Halafu zambarau? Msimu ukiisha litakuwa nene kama godoro, tulilalie."

Wanabendi walicheka. Pak Darmaji hakucheka, na huenda hapo ndipo lilipoharibikia.

Wiki ileile jirani wa Kasiati alikuwa anaozesha, na wanawake wa mtaa wakaitwa kwenye rewang, zile siku za kumenya, kukaanga na kuchochea kwa mwenye shughuli. Mwanamke anaweza kukwepa mengi Krian, lakini akikwepa rewang, siku yake ikifika atapika peke yake. Kasiati alitoka mazoezini, akaliacha gitaa kwenye nyumba ya bendi, akaenda kukaa kwenye mkeka wa vitunguu. Halikuwahi kulala nje tangu Tukiran alipofariki.

Siku ya pili mkekani, Bu Muntamah, mke wa fundi rangi, alikuwa anamenya pembeni yake.

"Yu Kas," alimwita, kama wote wanavyomwita dada mkubwa huyo, "kumbe umekubali. Hata sikuamini."

"Nimekubali nini?"

"Gitaa. Liko mezani kwetu tangu asubuhi. Mume wangu analivisha nyekundu."

Wanaosimulia wanasema kisu cha Kasiati kilibaki kimesimama ndani ya kitunguu, chenyewe. Wanasema pia alifika kwa fundi kabla ya harufu ya vitunguu kumfikia. Lisilo na ubishi ni kwamba aliingia na aproni, macho yamevimba, na hakuna aliyejua kama ni vitunguu au ni jambo lenyewe.

Fundi mwenyewe, Cak Rokim, yaani Kaka Rokim, alikuwa ameshika mashine ya kupulizia rangi. Uso wa gitaa ulikuwa umekwisha kupakwa. Alikuwa anangoja ukauke ili aligeuze mgongo.

"Cak, weka hiyo chini."

"Pak Darmaji kaniambia mwenyewe umekubali, Yu."

"Mwenyewe ndiye huyu. Umemsikia amekubali?"

"Sijamsikia."

"Basi."

Akanyoosha mkono.

"Rangi mbichi hiyo, Yu. Itashika vidole."

"Ishike."

Akalikamata katikati ya uso, kiganja kizima, akalivuta kifuani. Alirudi mtaani amelikumbatia, aproni imechafuka nyekundu, na watoto waliokutana naye njiani walikimbia kuwaambia mama zao kwamba Bu Kasiati kachinja mtu.

Jumamosi alifika kwenye harusi nyekundu na gitaa la nusu kwa nusu, kiganja kikiwa kimekauka humo. Pak Darmaji alimwambia apige akiwa nyuma ya spika, ambako kamera haifiki.

"Nimekuja kupiga, sikuja kujificha," alimjibu. "Ukitaka kunitoa mbele, panda unitoe. Wageni wapo."

Hakupanda. Mbele ya wageni mtu wa huku atameza jiwe kuliko kugombana. Kasiati alisimama katikati, akapiga mchana kutwa, na bibi harusi mwekundu akacheza na wajomba wake wekundu bila hata mmoja kupofuka.

Bendi ilipokuwa inakunja nyaya, Pak Darmaji alitoa neno lake la mwisho. Msimu wa harusi wa Besar, mwezi wa Mfunguo Tatu, ukiisha, gitaa liwe limepakwa lote na kiganja kimezibwa, au Kasiati apokee gitaa jipya jekundu atakalonunuliwa, au akae nyumbani.

"Sikutaka ifike huko," anasema Pak Darmaji leo. Kuhusu kulipeleka gitaa kwa fundi bila ruhusa, anatazama viatu vyake. "Nilidhani akiliona limependeza atanyamaza."

Cak Rokim naye hakulala vizuri. Alimfuata Kasiati nyumbani, akakaa kwenye kigoda cha tempe, akakataa chai mara mbili ili aonekane ana majuto, ya tatu akanywa.

"Sikulikwangua mpaka chini, Yu. Nilikuwa na haraka. Nimepitisha msasa laini nikapuliza juu. Njano yako ipo chini yake."

"Ipo yote?"

"Karibu yote. Nilete tina ya kuyeyushia rangi nikutolee bure?"

Kasiati alifikiri. Kisha akamuuliza kama tina inajua ikome wapi. Fundi akakiri haijui, itakula nyekundu na njano pamoja mpaka kwenye mti.

"Basi iache tina yako. Mimi ninacho kinachojua pa kukomea."

Alimwonyesha mkono wa kulia, pale chini ya kiwiko.

Tangu siku hiyo hupiga gitaa kila asubuhi kabla ya kukaanga tempe, na haogi kwanza. Msimu mzima hajavaa mikono mirefu jukwaani, hata sare ikishonwa nayo, huikunja. Mzee mmoja wa mtaa anaapa kwamba Bu Kasiati sasa anakula pilipili nyingi ili jasho liwe kali. Anapoulizwa, Kasiati anasema pilipili amekula maisha yake yote, ila sasa zina kazi.

Msimu unaisha wiki ijayo. Anajua.

"Akiniondoa, nitaondoka na gitaa langu," anasema. "Binti yangu anaimba, mkwe ana ngoma na kinanda. Harusi ndogo zipo, za watu wasio na kamera. Asiponiondoa, itakuwa amezoea. Yote mawili nimeyapikia wali. Lakini kulipaka tena, hapana. Hata nikifa, atakayenizika alikague kwanza kama lina rangi mpya."

Na kiganja je, hakimuudhi?

"Hicho ni changu. Mimi ndiye niliyekiweka. Kitakuwa cha mwisho kutoka."

Jukwaani, fundi mitambo anainua kidole gumba. Kasiati anakaza fundo la mbeleko begani, kisha anainamisha gitaa kidogo kuelekea kwenye mwanga. Pembeni ya uso mwekundu, kandokando ya pale mkono unapoegemea, pametokea kidoa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Cha njano.

Pak Darmaji, aliyesimama chini akishika simu yake ya kurekodia, amekiona. Anatazama kidoa, anatazama simu, anaanza kurekodi.

Binti yake Kasiati, Wening, anapanda na taulo, maana wimbo haujaanza na mama tayari anachuruzika. Kasiati anafuta paji la uso. Anafuta shingo, anafuta mkono wa kushoto mpaka kwenye vidole. Wening anaushika mkono wa kulia ili aufute nao, mama anauvuta.

"Huo uache," anasema, na kuulaza juu ya gitaa ukiwa umelowa.